Sifuri Kwenye Safu ya Mabasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kiti cha kukunja na fomu kumi, nikapelekwa kando ya barabara ya Gairo kuhesabu magari. Msimamizi wa Hesabu alichora mstari wa chaki kukatiza lami. "Gari likivuka hapa, lipo," akaniambia. "Lisipovuka halipo, hata kama dereva ni baba yako." Nilicheka kwa adabu. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, mke wangu husema nafunga mlango mmoja mara tatu, na kanuni iliyonyooka namna ile ilinituliza.

Nyie mnaohesabu kwa kamera mtaona ulikuwa mchezo. Malori yalikuwa na safu yake kwenye fomu, mabasi nayo yake, magari madogo na pikipiki vivyo hivyo. Unachora vijiti vinne, kwa cha tano unavikatiza, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Nikahamishiwa Turiani kwenye malori ya miwa, nikala vumbi miaka mingi, kisha nikarudishwa Morogoro mjini nikiwa msimamizi. Katika muda wote huo sikuwahi kurudishiwa fomu hata moja. Nilijivunia hilo, nakiri.

Karibu na kustaafu ikaja kazi ya daraja, upande wa Matombo. Ilikuwa hatua ya upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama jambo linafaa kabla ya kulijenga. Daraja lilikuwa moja na mahali ni pawili. Chaguo la juu lilikuwa kijijini, penye kivuko cha zamani, kwa ajili ya mabasi ya abiria na waenda kwa miguu. Chaguo la chini lilikuwa bondeni, mbali na watu, pamoja na barabara kuu mpya ya malori. Hesabu za magari ndizo zingeamua. Mimi nikapewa kivuko cha juu.

Masika yalikuwa yameshika. Basi la asubuhi kutoka mjini lilisimama ukingoni, abiria wakashuka, wakavua viatu, wakashikana mikono na kuingia majini hadi kiunoni. Ng'ambo basi jingine liliwasubiri. Pikipiki zilivushwa zikining'inia kwenye mti mabegani mwa wanaume, nikaziandika, kwa kuwa zilivuka mstari. Waliozibeba sikuwaandika.

Bi Mwajuma, muuza ndizi na mdalasini aliyevuka pale karibu kila siku, alikuja kwenye kiti changu nguo zikimchuruzika. Akaniuliza nimemwandika wapi. Nikamweleza kwamba fomu haina safu ya watu. Akauliza habari za basi lao, nikamjibu kwamba halikuvuka.

"Tumevuka sisi, baba," akasema, akajitwika kapu lake.

Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya maelezo. Niliisogezea kalamu mara mbili. Nikaogopa kurudishiwa fomu, nikaogopa kuonekana mzee asiyejua kazi. Siku ya tatu nikaandika sifuri kwenye safu ya mabasi, nikaacha maelezo wazi, nikatia saini.

Kwenye kikao, Mhandisi wa Mradi alisoma kwa sauti ya upole kwamba kivuko cha juu hakina usafiri wa abiria. Nikanyoosha mkono, nikaeleza yote, na yeye akanisikiliza hadi mwisho.

"Haya umeyaandika wapi?" akauliza.

Nikasema sikuyaandika.

"Na saini hii ni ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Mzee wangu, siwezi kusanifu daraja juu ya maneno ya mdomo."

Hakuwa mtu mbaya. Daraja likajengwa chini, na ni zuri, malori yanateleza tu. Lakini kulifikia kutoka kijijini ni mwendo wa nusu siku ukiwa na mzigo kichwani, kwa hiyo watu wa kivukoni wanaendelea kuvua viatu.

Nimestaafu. Watu huniuliza kama naukumbuka ujana wangu barabarani. Nakumbuka ile nafasi iliyobaki nyeupe. Mawingu yakiikalia milima ya Uluguru siku mbili mfululizo, chai hainishuki. Nachukua kiti changu, napanda basi, naenda kukaa kivukoni bila kutumwa na mtu. Fomu naichora mwenyewe kwa rula: wanaoingia majini, wanaotoka. Safu zikilingana ndipo narudi nyumbani.

Masika yaliyopita waliingia watu kumi na tisa. Ng'ambo nikahesabu kumi na wanane. Nikarudia hesabu, wakawa kumi na wanane. Nilisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka, nikaanza kuyakimbilia maji mimi nisiyejua kuogelea, na hapo nikashikwa shati kwa nyuma. Alikuwa Bi Mwajuma, amerudi ukingo wetu bila mimi kumwona, kapu hana, anakamua khanga yake.

"Maji ya leo makubwa," akasema. "Nimefika katikati nikaogopa. Ipo nafasi ya kuandika hilo?"

Nikamwambia ipo. Nikaiokota fomu, na chini, kwenye maelezo, nikaandika jina lake, na kwamba ameogopa.