Mchumba Kutoka Nchi ya Mafuta

Nilikuwa nikiamini kwamba nchi yenye mafuta haina shida ya kitu. Sikufundishwa na mtu, nilijipangia mwenyewe kichwani. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo nafasi ya kupangia mambo ilikuwepo tele. Nikikaa barazani kwetu, nje kidogo ya Wete, na kofia yangu ya kushona mapajani, naiona Maskati yote: barabara hazina shimo, taa hazizimiki, na mfalme anapita asubuhi kuwauliza watu wameamkaje.

Basi shangazi, dada yake baba, alipopiga simu kwamba anakuja msimu wa karafuu pamoja na mwanawe, na kwamba safari hii anakuja kuposa, nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza nimeona nini. Shangazi aliolewa huko zamani, mie sijazaliwa, na mume mwenye asili ya huko, na sasa mwenyewe ni raia wao. Mwanawe nilikuwa namjua kwa simu tu. Uso umejaa kioo kizima, ananiita "binti mjomba" kwa Kiswahili kinachopanda na kushuka pasipo mahala pake.

Kwetu msichana anayeposwa humshonea mchumba wake kofia, na hilo halina mjadala. Kofia za mkono za huku ndizo wanazovaa wanaume wa huko hadi maofisini, kwa hiyo niliona yangu haitoshi kuwa nzuri tu, lazima iwe na jambo. Kwenye simu ya baba ilikuwepo picha ya pasipoti ya shangazi, aliyoituma kwa furaha siku aliyoipata. Juu yake pana jambia, kile kisu chao kilichopinda, na panga mbili zilizopishana. Nikaichukua alama ile nikaichora kwa penseli kwenye bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, nikaitoboa kwa sindano, kitundu baada ya kitundu. Macho yaliniuma. Nilisema moyoni, huyu akiivaa, atajua kwamba nimempenda yeye na nchi yake na mfalme wake kwa pamoja.

Walifika, tukala, tukanywa chai, baba akaniita nimkabidhi mgeni zawadi yake. Akaivaa, ikamkaa sawasawa. Shangazi akampiga picha. Kisha mwanawe akaivua aitazame nakshi, na pale pale nikaona rangi ya uso wake inaondoka. Akatazama mlangoni.

"Nani mwengine ameiona?"

Baba alidhani ni mzaha. Akamwambia kuku wameiona, wamesema imependeza. Lakini mwenzetu hakucheka. Akaeleza kwamba hiyo ni alama ya serikali, haiwekwi kwenye nguo bila ruhusa, na kwamba kwao hata kanzu ina taratibu zake za nakshi. Baba akauliza nani wa huko atakayemwona yuko Pemba kwenye karafuu. Mgeni akamgeukia mama yake taratibu, na shangazi akaficha simu chini ya mtandio. Alikuwa keshaituma ile picha kwenye kundi la ukoo.

Sijapata kuona mtu mzima anamnyang'anya mama yake simu kwa adabu kama vile. "Samahani mama, niwie radhi mama," huku anavuta. Picha ikafutwa. Mie nilisimama na sinia la vikombe, sielewi kama nimekosa au nimechekesha. Jambia lile lile limo kwenye pasipoti mfukoni mwake. Kulibeba anabeba, kulivaa ndio kosa?

Kesho yake tulikaa uani kuchambua karafuu, tunatenga makonyo, vile vijiti vyake, huku na karafuu huku. Kazi hii inaruhusu vijana kuzungumza, kwa sababu wazee wapo na mikono ina shughuli. Mgeni akaniomba radhi. Akasema hajaudhika, ameogopa tu, maana anasubiri kazi ya serikali na hataki jina lake litajwe kwa lolote, hata jema.

Nikamuuliza kazi gani. Akasema amesomea uchimbaji wa mafuta. Nikamwambia basi umefika, si mafuta yapo? Akasema yapo, ila wasomi nao wapo, na kwa sasa anapeleka vyakula majumbani kwa gari ya baba yake. Nikahisi kama nimeambiwa Pemba mtu amekosa nazi. Akaniambia pia kwamba maji na taa bei si ile ya zamani, kwamba kodi imeingia, na watu wananung'unika. Hapo sauti ikashuka. Kila akisema "mfalme" inashuka, wakati tuko uani kwetu na aliyetuzunguka ni mbuzi. Nilitaka kumcheka, kisha nikakumbuka kwamba na sie ipo miaka yetu, ya kupiga kura, ambayo baba hufunga dirisha kabla hajasema neno. Nikaendelea kuchambua.

Kwa hiyo humpendi mfalme, nikamuuliza. Akashangaa. Akasema anampenda, wallahi. Baba yake alikwenda huko na begi moja, akapewa uraia, watoto wakasomeshwa, bibi yake akatibiwa moyo bila kulipa. Kwa hiyo unampenda na unamwogopa? Akasema hajui kama ni kuogopa. Ni kama baba mzazi, humwambii kila kitu.

Nikabadilisha mazungumzo, nikauliza nyumba yao ikoje, nani anapika.

"Yuko msichana wa kazi," akasema. "Wa hapa hapa. Wa Ole."

Ole naijua, nina jamaa huko. Nikawaza: basi nikifika mie nitakaa sebuleni, na yeye atakuwa jikoni, na sote tumekunywa maji ya kisiwa kimoja. Nitamwita nani? Ataniita nani? Shangazi akadakia kwamba yule ni kama mwanawe, haoni tofauti. Nikauliza kama hula pamoja. Shangazi akasema karafuu zangu zina makonyo mengi, nizirudie.

Jambo la mwisho alilonieleza ndilo lililonimaliza. Zamani raia wa kwao akitaka kuoa mgeni alikuwa lazima aombe kibali serikalini. Sasa wanasema sheria imelegezwa, lakini yeye haamini mpaka aone wenzake wametangulia na hawakuulizwa. Shangazi alitaka tufunge ndoa kabla hawajaondoka, karatasi zifuate zenyewe. Baba naye alisema ndoa ni walii, mashahidi na mahari, mfalme anaingia wapi? Wazee walisema kwa uhakika, mwenye kuoa ndiye aliyekuwa hana.

Siku ya posa wanawake walijaa chumbani kwangu, wanaume nje barazani. Baba akaja mlangoni pamoja na shehe wa msikiti wetu. Kwetu msichana hasemi. Anaulizwa kama ameridhia, anainama, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu, vigelegele vinapigwa. Akikataa ndipo hufungua mdomo. Nilijua hivyo tangu mdogo, na tangu mdogo nimejizoesha kuinama vizuri.

Baba akauliza. Nikainama. Nikasikia mama anavuta pumzi ya kupiga kigelegele. Nikamuwaza yule kijana, mpole, anayeomba radhi kwa kila kitu, na nilimtaka, nisiseme uongo. Nikawaza na ile nchi, nikaona nikinyamaza sasa nitakuwa nimeanza kunyamaza.

"Sijui, baba," nikasema.

Mama akameza kigelegele. Baba akamtazama shehe. Shehe akakohoa, akasema binti akinyamaza anajua la kufanya, na akikataa anajua la kufanya. Hili sasa, akasema, Mzee, mwanao katuletea jipya. Shangazi akaniuliza polepole kama mwanawe ana kasoro gani. Nikasema hana, na machozi yakanitoka, sijui ya nani.

Maneno huku kwetu hayakai chumbani. Yalitoka kabla baba hajatoka. Nikasikia kutoka barazani ile sauti ya kupanda na kushuka, safari hii haikushuka:

"Mjomba, hata mimi sijui. Msimlaumu. Mwacheni aniulize mpaka achoke."

Shangazi akaketi kitandani kwangu, akajipepea kwa ncha ya mtandio. "Hawa wawili," akamwambia mama, "nani kawafunza?"

Mama akasema kahawa imeshapikwa, haiwezi kurudi kuwa maji, wapelekewe wanywe. Nikafuta uso, nikanyanyuka kwenda kuuliza.