Walifyeka Wakapanda

Bandarini walimwita Mama Pangaboi. Tangu mumewe afariki na kumwachia mashua ya kuvusha watu, hakuna fundi aliyeruhusiwa kugusa pangaboi la injini yake, lile linaloisukuma mashua majini. Alilisugua mwenyewe kila jioni kama sufuria ya wageni. Mashua ile ilimlisha, ikamsomeshea wanawe, ikamzeesha.

Kisha likaja gugu la majini. Lilifika limeng'ang'ania matumbo ya meli za mbali, laini, la kijani kibichi, na mwanzoni watu walilisifu. Mvua ziliponyesha likaanza kunyonga injini. Wavushaji wakapanga mashua safu moja, wakalipitia lote huku mapangaboi yakilikatakata. Aliyetangulia ni Mama Pangaboi. Jioni maji yalikuwa meupe, wakashangilia hadi sauti zikakauka.

Haukupita muda, mkondo mzima ukawa zulia.

"Kila kipande kinaota," afisa wa bandari aliwaambia, macho chini. "Hamkufyeka, mama. Mlipanda. Mkondo usipopitika, gati tutalifunga."

Leo abiria wake alikuwa wifi yake tu. Wengine wamehamia barabarani. Katikati ya mkondo injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Wifi, tumefika au tumeota mizizi?" abiria akauliza.

"Ukinichekesha nitakutupa."

"Unitupe wapi? Hata pa kuzama hapaonekani!"

Mama Pangaboi akacheka. Akashika kisu, akajitosa. Vidole vyake vikakuta gugu limejisokota kwenye pangaboi kama kamba ya mnyongaji. Asipokata, hawatoki. Akikata, anapanda.

"Nipokee," alisema akiibuka na fungu la kwanza. "Usidondoshe hata jani."

Wifi akapokea, akarundika kwenye viti vya abiria. Fungu baada ya fungu, mpaka naye akakosa pa kukaa, akasimama, gugu likimfika magotini.

"Wifi, mashua inalemewa. Maji yamekaribia ukingo."

"Naona."

"Basi tupunguze kidogo, mwenzangu."

"Tulimwage wapi?"

Wifi akanyoosha mikono kupokea fungu jingine.

Kijipande kikamponyoka Mama Pangaboi kwenye ngumi, kikaelea kuelekea gatini. Akanyoosha mkono, hakukifikia. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Pangaboi lilikuwa bado limefungwa. Akavitazama vikienda, akavuta pumzi, akazama tena kukata.