Kanape Yenye Ilikataa Kutoka

Mutoto wangu wa mwisho anatumika kazi Kinsevere, ku mugodi ya shaba. Anakaa kule siku mingi, kiisha anarudia ku nyumba siku kidogo, na zile siku kidogo anapenda kuzimaliza mbele ya televizyo. Simulaumu. Muntu mwenye anaangalia shimo kutoka asubui mpaka magaribi, hata ukimuonyesha bantu banafukuza mupira anaona ni mbingu.

Ninakaa naye na muke wake. Ao benyewe banakaa na miye, inategemea unauliza nani. Nyumba ni ya marehemu bwana yangu. Alitumika ku reli maisha yake yote, na wakati bakubwa ba reli baliuzisha nyumba za kazi, akanunua hii. Kuta zake ni nene sawa za kanisa. Mulango yake ni mwembamba. Benye balijenga balifikiri muntu wa kazi hatakuwa na kintu ya kupitisha pale kupita mwili wake. Kulikuwa mulango ingine ya nyuma, lakini wakati bezi balizidi mu quartier, bwana yangu aliifunga na matofali. Kwa hiyo tuko na mulango moja. Mukumbuke hiyo mulango.

Siku moja mutoto akarudia na karatasi. Alikuwa amechora salon yetu, pale tunapokea bageni. Mu ile karatasi televizyo ilikuwa kubwa kupita dirisha. Chini yake kabati ya mbao, ndefu, na matundu ya kuweka dekoda, na pa kuweka bafle mbili za kutoa sauti, zenye urefu wa mutoto wa masomo. Mbele ya hiyo yote, kanape ya kona, yenye bantu munane banaweza kukaa bila kugusana.

"Mama," akasema, "itakuwa sinema ku nyumba."

"Nani alikuomba sinema?"

"Mama, ile biti tunakalia bimechoka."

Nikamuuliza kama ni biti byenyewe bilimwambia. Muke wake akaingia ku jiko kucheka. Nilimusikia.

Kintu moja nilimupongeza: hakutaka kununua ya duka. Kanape za duka ni karatasi imevaa ngozi. Unakaa mwaka moja, ya pili unakaa chini. Yeye aliita fundi wa mbao wa Ruashi, muntu wa makamo, mwenye anatengeneza bintu na mikono yake, mbao ya mulombwa, yenye mududu anaiuma na kuacha meno.

Fundi akaja na kamba yake ya kupimia. Akapima ukuta, akapima dirisha, akapima mpaka urefu wa miguu ya mutoto wangu. Mulango hakupima. Niliona. Nilikuwa nimekaa pale, nachambua majani ya sombe.

"Fundi," nikasema, "hii yote itatoka namna gani?"

"Kutoka, Mama? Hii inaingia. Haitoki."

"Kila kintu yenye inaingia mu hii nyumba, siku moja inatoka. Hata miye."

Akacheka. Miye sikucheka, sababu sikuwa nachekesha.

Nitaeleza, sababu kuko batoto ba siku hizi benye habajue. Kwetu muntu akikufa, kazi ya kwanza ni kutoa bintu mu salon. Mbele ya kuita padri, mbele ya kuita bajomba. Banaume banabeba biti na meza, banabiweka inje mu lupango, pale mbele ya nyumba, na benyewe banakaa kule. Banamuke banaingia mu salon yenye haina kintu, banatandika mikeka, banakaa chini, bega ku bega, miguu mbele. Mwenye kufiwa anakaa katikati yao, mugongo ku ukuta. Kilio haifanyike ku kanape. Muntu mwenye analia ku kanape, huyo amekuja kutembea.

Wakati bwana yangu alikufa, salon ilikuwa tupu mbele maji ya chai haijachemka. Nilikaa ku ukuta wenye unatazama dirisha. Bamama ba kanisa balijaa huku na huku, mpaka hata ningetaka kuanguka, hakukuwa pa kuanguka. Ni ile njo ilinisimamisha. Siyo maneno. Maneno balisema mingi, siikumbuke.

Sasa ku ule ukuta njo mutoto alichora kabati.

Miye siombe mingi. Nguo yangu ya kuzikwa iko tayari mu sanduku, nimeipiga pasi. Nilitaka kintu moja: siku yangu ikifika, binti zangu bakae chini mu ile salon, pahali yenye nilikaa, na bantu babashike huku na huku. Nilimwambia mutoto vile.

"Mama, usiseme bintu bya kufa."

"Sisemi kufa. Nasema kanape."

"Leo bantu banakodisha ukumbi, Mama. Banaweka biti bya plastiki, kila muntu anakaa muzuri."

"Ukumbi wenye jana balicheza ndoa, na kesho banacheza ingine? Unililie mu karatasi za confetti?"

Kiisha akaapa: kila kintu itatoka. Fundi naye akaapa. Banaume bawili benye habajapima mulango.

Ilikuwa wakati wa mvua, na mbao ikilowa inavimba. Kwa hiyo fundi akaleta mbao zake mu salon, akafanya kazi palepale ndani. Majuma matatu tulikula vumbi. Yesu wa Moyo Mutakatifu, mu picha ku ukuta, alikuwa na ndevu nyeupe. Lakini nitasema kweli: yule muntu anajua kazi. Alipiga randa mpaka ukiweka mukono unafikiri umegusa shavu ya mutoto. Kabati aliitengeneza mu masanduku matatu yenye inashikana, sababu alikuwa ananiogopa. Kanape, hapana. Kanape aliifanya mwili moja, mbao imeingia ndani ya mbao, bila musumari.

"Ukiigawanya italia kila muntu akikaa," akasema.

"Na mulango?"

"Tutaiinamisha, Mama."

Siku yenye yote iliisha, mutoto akafunga televizyo ku ukuta, akakaa katikati ya kanape, akafungua. Umeme ikaenda. Tukabaki siye bote mbele ya ile kioo nyeusi, tunajiangalia mule ndani. Picha ilikuwa safi.

Nikasimama. "Ni muzuri," nikasema. "Jumamosi asubui, siku ya poshi, mutaitoa."

"Kutoa nini, Mama?"

"Yote. Muliapa. Miye nataka kuona ningali na macho."

Poshi asubui fundi akaja na bantu bake bawili ba kazi. Balibeba kabati, sanduku moja moja, bakaiweka chini ya muti wa avoka mu lupango. Bakabeba bafle, meza, tapis ya kutandika chini, na biti bya zamani byenye nilikataa batupe. Televizyo nikaifunika na kikwembe yangu ya kujifunga palepale ku ukuta, sawa vile inafaa mu kilio. Miye nilibaki ndani kuangalia kazi. Kiisha bakabeba kanape.

Bakaiinamisha. Bakaigeuza. Bakaisimamisha sawa mulevi. Mukono moja wa kanape ukatoka inje, tumbo yake ikabaki ndani, na pale ikaketi. Haikuenda mbele, haikurudi nyuma. Mutoto wangu, fundi na bantu bake balikuwa inje, miye ndani, na mulombwa katikati.

Mukwe wangu, muke wa mutoto, alikuwa mu lupango. Akaona namna mulango imekwaruza ile mbao mupya, akaweka mikono miwili ku kichwa.

Sasa muweke akili. Ngambo ya njia kunakaa mama mumoja mwalimu, aliisha kupumzika kazi, muzazi wake alitoka Kasai. Ananiita yaya, sawa dada yake mukubwa, namuita mudogo, na tunabishana kila siku ya Mungu. Alifungua lango yake kumwaga maji. Akaona nini? Biti inje. Meza inje. Banaume banatoka jasho, habasemi. Mukwe wangu na mikono ku kichwa. Na miye siko.

Akatupa ndoo.

"Yoooo! Yaya! Yaya wangu! Umeenda bila kuniaga!"

Muntu akilia vile ku njia yetu, hakuna mwenye anauliza. Mwenye kuuzisha mikate akaacha mikate. Bamama bakatoka mu milango, banafunga bikwembe ku kiuno, banalia tayari. Mbele hata mutoto wangu afungue kinywa, lupango ilijaa. Mwingine alikuja na mukeka. Mwingine na kitunga ya unga ku kichwa. Mwingine na mufuko ya makala. Fundi alivua kofia. Aliniambia siku ya nyuma kwamba alifikiri pengine nilikufa kweli, kwa hasira.

Miye nilikuwa ndani, nyuma ya kanape, nasikia yote. Nilipaswa kuita mara moja. Sikuita. Muntu hapewe nafasi hiyo mara mbili.

"Alikuwa mukali sawa pilipili," mwalimu akalia, "lakini mulango yake ilikuwa wazi kwa kila muntu!"

Nikaangalia mulango.

"Alinifundisha kupika samaki ya ndakala!" Huyo hakujifunza.

Kiisha nikasikia sauti ya mama wa nyumba ya tatu, mwenye alikuja kuazima sufuria yangu kubwa wakati wa komunio ya mutoto wake. Ule mutoto leo anaota ndevu.

"Sufuria yake! Leo leo nilitaka kumurudishia sufuria yake!"

Pale nikapanda ku kanape, na viatu, nikatoa kichwa pale juu, kati ya mbao na mulango.

"Basi enda uilete," nikasema.

Mama wa unga akakaa chini, na unga yake. Mwalimu alibaki na kinywa wazi.

"Yaya? Uko muzima?"

"Niko muzima. Ni kanape njo haipiti."

"Na machozi yangu?"

"Nimeisikia. Asante."

"Hapana! Mukuje muone huyu mama! Ananitoa machozi bure asubui-asubui! Siku yako kamili sitalia tena, yaya, nakuambia!"

"Umeisha kulia. Inatosha."

"Na siye sasa tulilie nani?" mwenye mikate akauliza.

"Mulilie fundi."

Bakacheka, bamoja bangali na machozi, ile kicheko yenye inauma mbavu. Fundi tu hakucheka. Na mutoto wangu.

Mutoto wangu alikuwa anaangalia bamama. Balikuwa bamesimama mu lupango yote, mikeka chini ya kwapa, na hakukuwa njia ya kunifikia. Aliangalia mikeka, akaangalia mulango, akaniangalia miye na kichwa yangu pale juu sawa kuku mu kitunga. Nilimuona anaelewa. Haikuwa na haraka, lakini ilifika.

"Fundi," akasema. "Kata."

"Patron, majuma matatu. Mbao moja. Ukikata hapa—"

"Kata."

Fundi akaenda kutafuta musumeno yake. Alikata mwenyewe, hakupatia bantu bake. Alikata pole pole, pale ku kona, na bamama bakaangalia bote sawa mu misa. Mbao ikatoa vumbi nyekundu. Wakati kanape ilikuwa bipande bibili, ikapita ku mulango bila kugusa.

Sasa unga ya kula ikishatoka ku nyumba ya muntu sababu ya kilio, hairudie. Ukiirudisha unaita kilio ingine. Kwa hiyo tuliwasha makala, tukapika bukari ya ile unga na sombe, na bamama bakaingia mu salon, bakatandika mikeka yao. Miye nilikaa ku ukuta yangu. Mwalimu akakaa ku mukono wa kuume, angali na hasira, bega yake ku bega yangu. Tulijaa, na tuliingia bote.

Katikati ya chakula umeme ikarudia. Televizyo ikaanza kusema peke yake chini ya kikwembe, mupira wa bantu ba mbali, na bafle hazikuwa pale kwa hiyo sauti ilikuwa ndogo. Hakuna mwenye alitoa kikwembe. Mutoto wangu alikuwa inje na banaume, ku kipande moja ya kanape yake, chini ya avoka. Nilimuona ku mulango. Nilimuona muzuri, sababu mulango ilikuwa wazi.

Sufuria ilirudia siku ileile. Mufuniko, bado.

Juma yenye ilifuata, fundi akaleta byuma na boloni nne, misumari ya kuzungusha yenye inafungwa na kufunguliwa, akashikanisha bipande. Pale musumeno ilipita kunabaki mustari. Muntu munene akikaa, inalia kidogo. Ni kanape muzuri. Ninakaa upande wa mulango.

Ufunguo wa kufungulia boloni iko ku musumari nyuma ya mulango, chini ya rozari. Nilimuonyesha mukwe wangu. Nilimwambia ajaribu, miye nikaweka maji ya chai ku makala. Alifungua zote nne mbele maji haijachemka.

Nikamwambia ni sawa, afunge. Mupira ilikuwa karibu kuanza.