Mtani Wangu wa Goweko

Nilipostaafu jeshi, wenzangu wengi walichukua kazi za ulinzi. Mimi, Mzaramo niliyeletwa Tabora na uhamisho nikanogewa, niliingia chuo cha uuguzi. Wasichana wa rika la binti yangu waliniita afande. Shangazi akanipigia simu kuuliza kama kweli nimeacha bunduki nishike sindano. Nikamwambia sindano ndiyo inayokimbiwa zaidi.

Nilipangiwa zahanati ya Goweko. Huko nikamkuta bibi mmoja, mkulima wa tumbaku, ana kisukari na kidonda mguuni kilichokwisha kuanza kunuka. Mganga mfawidhi alisema asipopelekwa hospitali ya mjini upesi, mguu utakatwa. Bibi akagoma. Mwanawe alilia, mfawidhi akabembeleza, nami nikatoa sauti ya gwaride: "Bibi, simama, twende!"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wa wapi wewe, unayenifokea?"

"Kisarawe, bibi. Mzaramo."

Uso ukamchanua. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo mpaka pwani kwetu.

"Kumbe mtani! Babu zangu walifika kwenu kwa miguu. Nyie hata shambani hamfiki!"

Hapo nikapata nguvu. "Basi baki hapa ufe. Mtani wako ni mimi. Nitavaa kanga zako msibani, nichechemee mpaka waliao wacheke." Hiyo ni haki ya mtani, hakuna wa kumkataza. Nikachechemea palepale.

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akautazama mguu wake.

"Mimi sitembei hivyo," alisema, akamtuma mwanawe kutafuta gari.

Alipoondoka niliingiwa na hofu. Akirudi na mguu mmoja, utani wangu ningeuweka wapi?

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikasikia vicheko uani. Bibi alikuwa anapiga gwaride mbele ya foleni ya wagonjwa, kidevu juu, mikono ikirushwa, miguu yote miwili ikitimua vumbi. Hata kikohozi changu alikiiga. Aliponifikia akasimama wima.

"Haya mtani, niige na wewe."

Nikavuta mguu mmoja, nikakwama. Sikuwa na cha kuiga. Nilimpigia saluti huku machozi yananitoka, na jeshini sikuwahi kupiga saluti kwa furaha kama ile.