Mama wa Lubondja Aliyeomba Kufungwa

Siku yangu ya kwanza kazini shefu hakunipa bunduki. Alinipa karatasi mbili za karboni, kalamu na kiberiti. Posti yetu ya polisi ilikuwa nyumba ya mabati kando ya soko la Baraka, na huyo shefu, tuliyemwita Inspekta Mkuu, alikuwa mnene na hakupenda maswali. "Karboni ni ya PV," akaniambia. "Kiberiti ni ya bangi. Ukichanganya hizi mbili, mi nakurudisha kwa mama yako ukalime muhogo."

PV ni karatasi ya mashitaka: nani amekamatwa, wapi, na kitu gani mkononi. Tuliiandika kwa nakala tatu, tukikandamiza kalamu mpaka vidole vinauma. Ninyi wa kompyuta hamjui hiyo. Kitu chenyewe kiliitwa ushahidi, lakini bangi hatukuiweka ghalani, maana ukiiweka inapungua, na askari wanaanza kucheka bila sababu. Kwa hiyo ilichomwa ufukweni mwa ziwa mbele ya watu. Desturi ya posti ilikuwa kwamba aliyekamatwa abebe gunia lake mwenyewe kichwani, apite nalo katikati ya soko mpaka penye moto, ili kila mtu amwone. Inspekta Mkuu alisimama upande upepo unakotoka. Mimi mara ya kwanza nilisimama kwenye moshi, nikafika nyumbani nikicheka peke yangu, na mke wangu akaninyima chakula.

Nilipelekwa Swima, kwa wavuvi, miaka miwili, kuandika habari za nyavu zilizoibwa na watu waliopigana kwa kasia. Niliporudi Baraka vita vilikuwa vimefika. Wakubwa wa juu walibadilika, sisi tukabaki na karboni zetu. Inspekta Mkuu alipanda boti kuelekea Kigoma, hakuonekana tena.

Kule mlimani wanaume wenye bunduki walishika njia zote zinazotoka mashambani, na bangi ikawa mali yao. Mkulima analima, wao wanaimiliki, mama fulani anaishusha ziwani chini ya majani ya sombe, yale ya muhogo. Kadiri sisi tulivyochoma, ndivyo ilivyokuwa ghali, na kadiri ilivyokuwa ghali ndivyo walivyoilinda kwa risasi. Wakati ule sikuliona hilo. Mimi niliona magunia tu.

Nilianza kuona baada ya kifo cha pili. Buloko yetu, chumba cha kufungia watu, ilikuwa na mlango wa chuma lakini haikuwa na chakula. Tuliyemkamata leo tulimwachilia siku ya tatu, na karatasi ya kuachiliwa yenye mhuri, ili asikamatwe tena kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani. Mzee mmoja aliachiliwa hivyo, akakutwa amekufa njiani kabla ya kufika Lubondja, kijiji chake kule mlimani. Kisha mwanamume mwingine, njia ileile. Tukaandika "wauaji hawajulikani" kwa nakala tatu, basi.

Mama Byasa wa Lubondja tulimkamata siku ya soko. Mjane, watoto wanne, gunia moja. Alilibeba sokoni kama desturi, lakini wiki ile mvua haikukatika, kuni zikalowa, na magunia yote yakarundikwa bironi, ofisini kwetu, kungojea jua. Siku ya tatu nikampelekea karatasi yake.

"Mama, umeachiliwa. Enda kwako."

"Mi siendi, shefu. Unifunge."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia buloko haina chakula.

"Njaa itaniua polepole," akasema. "Bale batu ba kule juu habatakawia. Baliona nimebeba gunia mbele ya soko nzima. Leo narudi na karatasi ya polisi mukononi. Bataniuliza: ulibapa majina ya nani?"

Yule mzee na yule mwanamume, wote wawili nilikuwa nimewapa karatasi mimi, na nilijiona mtu mwema nilipowapa. Nikamwambia basi achukue gunia lake arudi nalo, bado liko bironi. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyelewa.

"Mi peke yangu nirudi na gunia? Si itakuwa mubaya zaidi? Batasema nimelinunua na majina."

Nilikwenda kwa Komanda, mkubwa wetu mpya, mtu mwembamba, shemasi katika kanisa lake. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Mi nachukia bangi kuliko we," akasema nilipomaliza. "Lakini niambie. Mumoja akirudi na gunia lake, ni musaliti. Wote bakirudi nayo?"

"Wote, Komanda?"

"Wote. Musaliti atakuwa ni sisi."

Mle buloko kulikuwa na watu sita, wote wa bangi, tukawashikilia mpaka soko lijalo. Siku ya soko Komanda aliwatoa, kila mmoja na gunia lake kichwani, wakapita sokoni kutoka ufukweni kurudi juu. Akapanda kwenye kreti ya bia, yeye shemasi, akatangaza kwamba posti hii haikamati tena mtu kwa bangi, inatafuta bunduki na wezi. Mimi nilishika mkanda wangu na kuangalia vilima, nikingoja mlio wa kwanza. Haukuja. Mama Byasa alinipita bila kunitazama, na alifanya vizuri.

Nisiwadanganye sasa. Wale wa mlimani hawakutupa silaha. Bangi ilipokuwa rahisi waligeukia ng'ombe wa wafugaji wa juu na barieri za barabarani, na hapo pia watu walikufa. Vijana walivuta mchana kweupe kwenye baraza ya posti, mke wangu akanilaumu mimi. Lakini miezi yote ile hakuna mtu aliyeokotwa kwenye njia ya Lubondja kwa ajili ya gunia. Hata mmoja. Na sisi tulipata muda wa kufuata wezi, hata bunduki mbili tulizikamata.

Kisha Komanda akahamishwa. Aliyemfuata alikuwa Mkaguzi mmoja, shati limepigwa pasi vita au si vita. Alitupanga mstari.

"Nani aliwapa ruhusa ya kufuta sheria?"

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na njia nzima ya Lubondja ya kumwonyesha. Nikasema, "Sijui, mkuu." Nilikuwa na watoto, na niliogopa.

Akanirudishia kiberiti. Hakuna aliyetangaza sokoni kwamba mambo yamegeuka. Siku ya soko iliyofuata Mama Byasa alishuka na gunia lake waziwazi, bila hata jani la sombe juu yake. Akaniamkia kwa furaha, "Jambo, shefu, bale ba kwako bazima?" Askari wawili walikuwa nyuma yangu wakiningoja. Nikamkamata.

Gunia alilibeba mwenyewe, likachomwa siku ileile, jua lilikuwa kali. Siku ya tatu akasema neno lilelile, safari hii kwa sauti ndogo: "Unifunge." Nilimwuliza Mkaguzi. Akajibu kwamba buloko si hoteli. Nikaandika karatasi, nikapiga mhuri, nikamfungulia mlango.

Baada ya siku nne kaka yake aliingia bironi. Hakukaa. Aliweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. Walikuwa wameikuta kwenye fundo la kitenge chake walipomwokota njiani.

"Hii ni yenu," akasema, akatoka.

Nilistaafu nayo mfukoni. Vijana wa polisi huja hapa kwangu kuniuliza kama kuacha kukamata watu wa bangi kunapunguza damu. Nawaambia habari za nchi nyingine sizijui, nawaeleza ya njia moja tu, kama nilivyowaeleza ninyi. Halafu daima kuna mmoja anayesema, mzee, ulikosa nini sasa, amri ilikuwa ya mkubwa. Ndiyo, amri ilikuwa yake. Lakini yule mama alisimama mle ndani akaomba nifunge mlango tu, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu.