Goti Mbele ya Bakuli la Uji

"Utani gani huo, shangazi, wakati huyo msimamizi ndiye anayenipangia zamu? Mtani ukimjibu mnacheka, yanaisha. Huyu nimemjibu, kanitupa kwenye masufuria."

Shangazi yuko Bukene, tunaongea kwa simu. Anasema Mzaramo kumcheka Mnyamwezi ni kawaida, nisijitie kiburi. Mimi niko jangwani, nje ya nchi kabisa, kwenye kambi ya jeshi la wageni. Sio mwanajeshi. Nimeajiriwa na kampuni inayowapikia.

Siku ya kwanza nilipewa kofia, glovu na meza ya kugawa uji. Nilifurahi sana. Wanaogawa chakula mbele ndio wanaoongezewa mkataba. Wa nyuma, waosha masufuria, mkataba ukiisha wanapandishwa ndege, basi.

Siku ya pili akaja mwanajeshi mzee, nywele nyeupe pee. Nikampa bakuli kwa mikono miwili, goti likashuka lenyewe. Kwetu Mtendeni, Tabora, humpi mtu wa umri ule chakula umesimama wima. Yeye akadhani nazimia! Akatupa trei, akanidaka mabega, akaita watu walete maji. Uji ukamwagikia buti zake. Vijana waliokuwa kwenye foleni wakashika mchezo haraka: kila anayepita anakunja goti, anacheka.

Msimamizi wetu, mama wa Kizaramo kutoka Dar, akaja na mopu mkononi.

"We Mnyamwezi! Nani kakwambia hapa ukweni?"

Kusikia hivyo nikajua ni utani, roho ikatulia. Nikamrudishia: "Niache, mtani. Nyie mnaouza shamba mkacheze ngoma, adabu mtaijulia wapi?"

Hakucheka. Wenzangu wa jikoni, wote wa mataifa mengine, wakabaki wanatutazama tu.

"Haya, vua glovu, nenda nyuma. Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, masufuria hayatakushinda."

Tangu hapo nasugua masufuria makubwa kuliko mapipa. Yeye akipita ananiita mpagazi, na wale wa jikoni wameshalishika hilo neno, wanadhani ndilo jina langu.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Akashusha pumzi. "Sasa mwanangu, yule ni mkubwa kwako. Mpigie goti, umwombe radhi."

"Goti lilelile lililoniponza?"

Akasema, "Basi kaa kimya. Utazoea."

Hapo ndipo aliponiumiza kuliko yule Mzaramo. Nizoee nini? Nimesoma mpaka fomu foo, nimeiacha Tabora yangu, nije kuzoea kuitwa mpagazi na mtu tunayeongea naye Kiswahili kimoja? Nikamuaga vibaya, nikakata.

Kesho asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, naenda kusimama kwenye meza ya uji na kofia yangu kichwani. Akitaka kunitoa, anitoe foleni nzima ikiangalia, na aniambie kosa langu kikazi, sio kiutani.