Besi ya Vidole

Kaka yangu walimwita Vidole, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba. Alipiga kinanda katika bendi ya hotelini: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unashika besi. Besi yake iliwainua vitini hata waliokuja kula tu.

Kisha mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi, na daktari hakumficha kwamba hautapona. Bendini hakumwambia mtu. Alikileta kinanda cha bendi nyumbani, akajifungia chumbani, na kabla mkono haujalala kabisa akarekodi besi ya kila wimbo ndani ya mashine ya kinanda hicho. Katika wimbo mmoja kidole cha pete kilichelewa kidogo. Alirudia mpaka akalia, na bado kikachelewa. Akakiacha hivyo hivyo.

Tangu hapo alikuwa akibonyeza kitufe, anaulaza mkono ule kwenye kinanda, na maisha yanaendelea. Mpaka siku ya harusi moja, mwimbaji aliponogewa akarudia kiitikio. Mashine hainogewi. Wimbo wake ulikuwa umeisha, besi ikakatika, na ukumbi mzima ukauona mkono umelala.

"Kumbe siku zote unatuchezea shere?" kiongozi wa bendi akafoka.

"Ni mkono wangu mwenyewe, mzee. Niliurekodi mimi."

"Huo ni udanganyifu. Nenda nyumbani."

Akaenda. Kinanda kikabaki, maana ni mali ya bendi.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza kuchukua koti alilolisahau. Kwenye mlango wa nyuma wa hoteli akasimama ghafla. Ndani walikuwa wanapiga ule wimbo. Akatega sikio, akasubiri, na kidole cha pete kikachelewa.

"Yule ni mimi," akasema.

Nikachungulia. Mpiga kinanda mpya alicheza kwa mkono wa kulia, na wa kushoto anawapungia watu! Damu ikanichemka. Kiongozi alipotoka na koti nikamrukia: "Si ulisema ni udanganyifu?"

"Dada, huyu ana mikono miwili. Akitaka, anaweza kupiga mwenyewe."

Matusi nilikuwa nayo tele, lakini Vidole alinigusa bega. "Twende, mdogo wangu. Achana naye."

Nikamvalisha koti, nikianza na ule mkono usiojiweza. Ndani watu walikuwa wanaishangilia besi.